Kipanga Haina Kasoro

1

"Mama, hiyo ni sauti ya kawaida."

Binti wa mapokezi alinikaribisha kwa maneno hayo hata sijafunga mlango. Sikuwa nimefungua mdomo bado. Aliliona tu gari langu likiingia getini akaandaa jibu lake, kama mtu anavyookota jiwe akimwona mbwa wa jirani.

"Ya kawaida kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa gari, mama."

"Gari isage kokoto tumboni, useme ni kawaida? Tumbo lako likisaga hivyo utakuja kazini wewe?"

Alicheka kile kicheko cha ofisini ambacho hakifiki machoni. Kifuani alikuwa na kibao cha jina, Aikande. Alikuwa msafi, mpole, na nilitamani kumzaba kofi.

Nieleze mapema, usije ukadhani mimi ni mgomvi wa kuzaliwa. Ugomvi nimeusomea hapo hapo, kwa wakala wa Kipanga wa Mombo. Tangu magari ya mafuta yapigwe marufuku kupanda mlima wetu, barabara ya Mombo hadi Soni haina gari la aina nyingine zaidi ya Kipanga. Mwenye Kipanga anapanda nayo, asiye nayo anatafuta pikipiki au anatumia miguu aliyopewa na Mungu. Mimi langu nililinunua kwa ajili ya baba. Figo zake zimekufa, na kila wiki lazima ateremshwe kutoka kwetu Bumbuli hadi hospitali ya Korogwe akasafishwe damu. Mashine ni chache na kila mgonjwa ana saa yake. Ukichelewa, anapewa aliye nyuma yako, nawe unarudi nyumbani na miguu iliyovimba kuisubiri zamu nyingine, kama itakukuta.

Na hilo gari, tukiwa tunateremka, lilikuwa linaguguna.

Likipanda, kimya. Kwenye tambarare, kimya. Ni pale tu ninapoondoa mguu kwenye kanyagio, mota ikaanza kujivuta yenyewe ili kulizuia gari lisikimbie na kurudisha chaji kwenye betri. Hapo, nyuma kabisa, chini ya kiti cha baba, kitu kinaanza kutafuna. Ni kwenye difu, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Mimi si fundi, lakini ile sauti nimeisikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza marehemu mume wangu, na najua inakaa wapi.

Aikande alitoka kwenda uani, akalichomeka gari waya wake. Skrini ya ukumbini ikawaka kijani, na gari langu mwenyewe, ninalolilisha umeme kila siku, likanisuta mbele ya watu kwa sauti tamu ya kike:

"Kipanga haina kasoro. Asante kwa kujali."

"Si umeisikia?" alisema Aikande. "Imejisemea yenyewe."

"Hata mlevi hujisemea kwamba hajalewa."

"Na fundi aliijaribu ulipokuja mara ya mwisho, mama. Aliizungusha mpaka stendi na kurudi. Hiyo kelele haikutokea."

"Mombo ni tambarare kama mkeka, mwanangu. Makali ya kisu hayapimwi kwenye uji. Ipandishe mlimani, uiteremshe, halafu uniambie haikutokea."

"Utaratibu hauturuhusu kutoka nje ya mji na gari ya mteja."

Hapo ndipo walipokuwa wananibwaga kila mara. Siku hizi gari ndilo shahidi wa afya yake. Sikio la mtu halikubaliki tena, eti mtu husikia anachotaka kusikia. Vipanga vyote vimeunganishwa na bongo moja kubwa, wenyewe wanaiita Baraza. Kila gari linapeleka huko linachosikia, Baraza linapima, kisha linaamua kwamba hii ni kasoro na hii ni kawaida. Likishaamua ni kawaida, fundi atakayefungua bolti hata moja mahali pale ananyang'anywa leseni. Kwa hiyo nilikuwa nazunguka kati ya gari lisilosema na watu wasiosikia, na baba yangu amekaa juu ya ile difu akinyamaza kwa sababu hataki kunisumbua.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimejiapiza. Baba nilimwachia jirani yetu, Kaoneka, ambaye naye ana Kipanga, amteremshe yeye kwa zamu ya saa saba mchana. Mimi nikatangulia Mombo peke yangu, nikiwa na nia moja tu, kwamba baba harudi kwenye kile kiti mpaka hii kelele ipate mtu wa kuikubali.

"Kwa hiyo hamtapanda," nilimwambia Aikande.

"Samahani sana, mama."

Nikatoka. Nikaingia garini, nikalirudisha nyuma mpaka getini, nikalikingamisha hapo kwa mapana yake, nikashuka na kadi ya kuwashia nikaitia kwenye sidiria. Aliyekuwa nje hakuweza kuingia wala aliyekuwa ndani kutoka. Mlinzi akaja mbio, akaangalia mahali kadi ilipokuwa, akarudi alikotoka. Honi zikaanza.

2

Meneja aliitwa Kagaruki. Alikuwa mrefu, shati lake limenyooshwa kwa pasi hata mikunjo ingeweza kukata nyanya, na alitembea taratibu makusudi ili nione kwamba hanikimbilii.

"Dada, unataka nini hasa?"

"Nataka upande na mimi mpaka Soni, tugeuze, tuteremke. Ukisikia, utatengeneza. Usiposikia, hutaniona tena hapa."

"Hiyo ahadi ya mwisho umeitoa mbele ya watu," alisema, akafungua mlango wa mbele na kuketi.

Tukapanda. Alishika simu yake, mimi nikashika usukani wangu. Soni tukageuza mbele ya wauza matunda ya plamsi, na mmoja wao akanyanyua ndoo kutuonyesha, akaona nyuso zetu, akaishusha.

Tulipoanza kuteremka nikaondoa mguu. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, na Kagaruki akajikohoza kama mtu anayejiandaa kutoa hotuba. Kisha mteremko ukakaza, mota ikajivuta, na chini ya kiti cha nyuma kile kitu kikaanza. Grr, grr, grr, kama mtu anayesaga mtama kwenye jiwe lenye mchanga.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimelisubiri hilo neno kwa muda mrefu hadi nikaliota. Lakini alilisema bila kugeuza shingo, bila hata kushtuka.

"Tangu lini unaijua?"

Akarudi kwenye simu yake.

"Bwana meneja, nimekuuliza. Na kadi ninayo mimi, tunaweza kulala hapa."

"Tangu mvua za masika," alisema. "Ni beringi ya difu. Zile zilizokuja kwa ajili ya mlima huu, zote ziko hivyo. Walikozitengeneza walizipima kwenye barabara za tambarare."

"Na ikichakaa inafanya nini?"

"Inaguguna hivi kwa muda. Halafu inaanza kugonga. Ikishafika kwenye kugonga, haichukui muda. Difu inajifunga, na magurudumu ya nyuma yanakwama ghafla."

"Kwenye kona?"

"Popote itakapopenda."

Nikalisimamisha gari pembeni. 

"Na ile Kipanga iliyotumbukia bondeni hapa mlimani, mkasema dereva alisinzia?"

"Baraza ndilo lilisema alisinzia. Mimi sikusema kitu."

"Na hilo Baraza lenu lenye masikio mlima mzima, kwa nini haliisikii kelele anayoisikia mama mtu mzima kama mimi?"

Hapo ndipo aliponigeukia kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba naye alikuwa na hasira, tena ya siku nyingi.

"Linaisikia! Linaisikia kila siku. Ila ninyi mmeliambia ni nzuri."

"Nani? Mimi? Mimi niliyewatukana pale mpaka mlinzi akanizoea?"

"Asubuhi ukikaa kwenye gari, inakuuliza nini?"

"Inanisalimia. Habari ya gari leo."

"Na wewe unajibu nini?"

Nikakodolea macho barabara. 

"Unajibu nzuri," alisema Kagaruki. "Kila mtu anajibu nzuri. Nzuri, ila kuna kelele kidogo huku nyuma. Nzuri tu, lakini leo imeguguna sana. Huko lilikofundishwa Baraza, mtu akiulizwa habari ya gari anataja habari ya gari. Likija huku linachukua neno la kwanza, linaliandika, na hayo mengine linayahesabu kuwa ni maongezi. Sasa piga hesabu wewe. Mlima wote, kila asubuhi, kelele ile ile, na jibu ni lile lile, nzuri. Baraza limejifunza kwamba gari zima linatakiwa kulia hivyo."

"Hiyo ni salamu!" nilipiga kelele. "Salamu si ushahidi!"

"Kwako ni salamu."

"Kwa kila mtu! Nyumba yako ikiungua na mimi nimekuja kukuambia, kwanza tutaamkiana. Msibani unaulizwa habari za hapa, unasema nzuri, ndipo unaeleza kwamba mzee amefariki. Huo si uongo, ni adabu. Jambo baya linabishiwa hodi kwanza, haliingizwi ndani kwa teke. Ni nani aliyelelewa akaleleka, anayeulizwa habari halafu afungue kinywa na kusema mbaya?"

"Hakuna," alisema Kagaruki. "Ndiyo maana tuko hapa."

Hata pale kwake ukumbini, kila mara walipomaliza kulipima gari, Aikande aliniuliza kwa heshima zote, habari ya gari mama? Nami nilijibu nzuri, nikavuta pumzi, ndipo nikaanza kuwaita wezi. Skrini ilikuwa inabaki kijani kibichi na mimi nilikuwa nashangaa. Sasa nilielewa, na uelewa wenyewe ulinichoma kuliko ujinga.

"Wewe umejua tangu masika," nilimwambia. "Kwa nini hukulieleza hilo Baraza?"

"Mimi ni muuzaji. Neno langu halihesabiwi, linahesabiwa la mmiliki tu."

"Basi ungewaambia wamiliki waseme mbaya."

"Wakala akimfundisha mteja la kujibu, anafungiwa siku hiyo hiyo. Una baba, dada. Na mimi nina wanaonisubiri nyumbani."

"Wa kwako hawapandi mlima huu."

"Hawapandi," alikubali, na nilimchukia zaidi kwa kutokuficha.

Akatazama bondeni kidogo, kisha akasema alichokuwa amekipanga tangu alipoketi kwenye kiti changu. Stoo alikuwa na difu moja, toleo la zamani, imara, isiyo na ile beringi. Angenifungia leo leo kimyakimya. Mimi nilitakiwa kitu kimoja, nikifika ukumbini nikiulizwa lile swali la kufungia kazi, nijibu kama ninavyojibu siku zote.

"Na wengine?"

"Wengine hawakukingamisha gari getini kwangu."

"Nikijibu mbaya?"

"Ukisema mbaya nyumbani kwako, hilo ni lalamiko tu, gari itakuelekeza uje kwetu. Ukiisema ukumbini baada ya kipimo, ni ushahidi. Baraza litaifungua upya ile sauti, na kila Kipanga yenye sauti hiyo itaegeshwa hapo ilipo, mpaka mtu aende aikague kwa mikono yake. Mlima mzima, dada. Wajawazito, walimu, mboga za soko, maiti wanaopelekwa kuzikwa, wote pembeni ya barabara. Na difu za kubadilisha hazipo. Hazijatengenezwa bado." Akafunga mkanda wake. "Baba yako leo anateremka na gari ya nani?"

Nikawasha gari.

3

Kagaruki alituma ujumbe njiani, na difu ilikuwa imeshatolewa stoo tulipofika. Waliilaza juu ya kitoroli katikati ya ukumbi, imefungwa nailoni, inang'aa mafuta. Niliipapasa kwa mkono. Ni chuma tu, lakini niliitamani kwa moyo wote, na sioni aibu kulisema hilo. Akilini nilimwona baba ameketi juu yake, amelala usingizi mpaka Korogwe.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu niliowafungia geti, na hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa jicho zuri. Mkulima mmoja wa kabichi, bonge la mtu, alikuwa amesimama karibu na kaunta amekunja mikono.

"Huyu ndiye bibi mwenye geti lake," alisema kwa sauti. "Ajibu basi, sisi tuna mizigo huko juu inaungua jua."

"Subiri zamu yako, kaka."

"Zamu yangu umeikalia tangu asubuhi!"

Nilikuwa na ujanja wangu. Sikuwa nimemwambia Kagaruki nitajibu nini, na nilichotaka ni muda tu. Nivute muda mpaka baba afike bondeni, avuke Mombo, aingie Korogwe, awekwe kwenye mashine. Akishakuwa pale, nitasema mbaya kwa sauti ya juu, na mlima usimame unavyotaka. Nilijiona mwerevu sana. Nikampigia simu nijue amefika wapi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapita Soni, tunateremka. Kaoneka anaendesha vizuri."

Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu. Nikaziba sikio la pili.

"Baba, hebu iweke simu chini. Kwenye sakafu, nyuma ya miguu yako."

"Ya nini?"

"Iweke tu, baba, tafadhali."

Ikakwaruza, ikatua. Nilitegemea kusikia kuguguna. Sikusikia kuguguna. Nilisikia ko, ikapumzika, ko, ko, ikapumzika, ko, kama mtu anayegonga mlango akiwa na haraka ila anajizuia.

Kagaruki alikuwa amesimama karibu yangu. Aliisikia. Nilimwona rangi ikimtoka usoni.

"Baba! Baba, mpe simu Kaoneka." Alipoichukua sikumngoja aseme kitu. "Kaoneka, simamisha gari. Sasa hivi. Weka pembeni mshuke."

"Kuna nini?"

"Difu yako inagonga. Itakwama."

"Wewe Mboni, hiyo kelele yako ya difu sasa unataka kutuambukiza na sisi?" Nilimsikia akiliuliza gari lake, na gari likamjibu kwa ile sauti tamu ninayoijua, kwamba Kipanga haina kasoro. "Umeisikia mwenyewe. Nina watu humu wanaowahi. Mzee wako anawahi. Nisimame porini kwa sababu wewe umegombana na wakala?"

"Baba, mwambie asimame!"

Simu ikarudi kwa baba. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionivunja.

"Mboni, nikikosa mashine leo sijui kama nitaifikia hiyo nyingine. Acha tuendelee. Tumekaribia."

Hakukata. Aliishusha tu simu mapajani, na nikaendelea kuisikia, ko, ko, ko, pamoja na baba akimwambia Kaoneka asijali, mtoto ana wasiwasi tu.

"Zimebaki kona chache," Kagaruki alininong'oneza.  "Mwache ateremke. Wengi wameteremka nazo hivyo hivyo. Ukiisimamisha pale juu anakosa zamu, hilo ni hakika. Kuvunjika si hakika. Dada, nakuomba, hakika na si hakika havilingani."

Na alikuwa anasema kweli, ndicho kilichoniuma. Kama angekuwa ananidanganya ningemtemea mate nikamaliza.

"Mama," alisema Aikande kutoka kaunta. Yeye hakujua lolote, alikuwa anafuata kazi yake. Mbele yake skrini ilikuwa kijani, na kimshale kinapepesa kikisubiri. Alitabasamu kwa adabu aliyofundishwa kwao. "Habari ya gari?"

Nzuri ilikuja yenyewe. Sikuiita. Ilipanda kifuani, ikafika kwenye meno na kubisha hapo, kwa sababu nimeitamka tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nikiwa na homa, nikiwa mjane, siku niliyomzika mama. Mbele yangu ilikuwepo difu imara. Mkononi nilikuwa na baba yangu anagongewa mlango.

"Mbaya," nikasema.

Aikande akadhani amesikia vibaya. Akainama mbele kunisaidia, maskini. "Samahani, mama. Nimeuliza, habari ya gari?"

"Mbaya. Sikusalimii, nakujibu. Gari ni mbaya. Difu ni mbovu, inagonga, itaua watu. Andika mbaya."

Skrini ikawa nyekundu. Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea, na nikafikiri Kagaruki alinidanganya kuhusu Baraza. Kisha uani taa za magari yote zikawaka kwa pamoja, zikafifia, na kila gari likatoa sauti ndogo ya kujifunga. Ukumbini simu za watu zikaanza kulia, moja, mbili, halafu zote.

Mkulima wa kabichi alisoma ya kwake, akaninyanyulia macho.

"Umesimamisha mlima," alisema polepole. "Mzigo wangu uko Soni juani. Mke wangu yuko kwenye hiyo barabara na mtoto mchanga. Kwa kelele? Kwa kelele ya difu, mwanamke wewe?"

"Mkeo akirudi muulize kama aliisikia."

Alinijia. Mlinzi na watu wengine wawili wakamkamata mikono, naye akaendelea kunitukana juu ya mabega yao matusi ya kuanzia kwa bibi yangu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kimya muda wote akaniambia kwamba Mungu ananiona. Nikamwambia na yeye pia anamwona.

Kagaruki alikwenda kwenye kitoroli. Akakisukuma taratibu, difu ikitikisika ndani ya nailoni yake, mpaka mlango wa stoo. Hapo akageuka.

"Hutajua kamwe kama ingevunjika," alisema. "Umelielewa hilo? Utakaa na mimba ya hilo jambo mpaka unaingia kaburini."

"Wewe utakaa na la masika," nilimjibu, lakini sauti yangu haikuwa na nguvu niliyoitaka.

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Niliisogeza sikioni huku nikitoka nje kupitia watu, mmoja akanipiga kikumbo makusudi. Nilisikia upepo, mlango ukifunguliwa, na Kaoneka akilitukana gari, kiwanda, na ukoo mzima wa Shemhilu, ambao ndio ukoo wetu. Sikusikia kugonga.

"Baba."

"Gari imetupeleka pembeni, ikazima," alisema. "Imetangaza kwamba kuna mmiliki ametoa ushahidi. Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Saa yangu ya mashine ni saa saba."

"Najua."

"Ulijua kabla hujasema?"

Ningeweza kumwambia sikujua. Angenisamehe papo hapo, na ningemletea maji ya kunawa jioni kama kawaida, na yangeisha. Lakini nilikuwa nimetoka kuwasimamisha watu wa mlima mzima kwa kusema lililopo, na sikuona ni vipi ningeanza kumficha yeye.

"Nilijua, baba."

 Nilikuwa nasikia pumzi yake, fupi fupi, jinsi inavyokuwa maji yakianza kumjaa.

"Leo hata kiatu hakikuingia," alisema. "Nimeteremka na kandambili."

"Kuna pikipiki hapa nje. Nakuja sasa hivi, nakushika nyuma mimi mwenyewe mpaka Korogwe, nitawapigia magoti wakuweke hata mwisho wa foleni."

Kaoneka alisema kitu, baba akamnyamazisha. Nilikuwa nimeshampungia mkono kijana wa pikipiki, ameshawasha, nami nimeshavusha mguu mmoja upande wa pili.

"Njoo," alisema baba. "Lakini ukifika usiniamkie."